Mtoto Asiyetulia Apewe Uwanja Kabla ya Adhabu

Kengele ya mapumziko inapogongwa saa nne asubuhi katika shule za msingi za Ukonga, wanafunzi humiminika uwanjani kwa kelele na vumbi. Lakini si wote. Ndani ya darasa hubaki mtoto mmoja au wawili waliopigishwa magoti karibu na ubao. Kosa la mmoja wao ni kwamba alisimama mara nne katika kipindi cha Hisabati, akamkatiza mwalimu kabla swali halijaisha, akapoteza penseli ya tatu ndani ya wiki moja, na daftari lake limejaa kazi zilizoanzwa zisimalizwe. Ameambiwa abaki ndani mpaka ajifunze kutulia. Mapumziko yakiisha, wenzake hurudi wakiwa wamechangamka na miguu yao imeridhika; yeye huketi tena na nguvu ileile aliyoanza nayo asubuhi, sasa ikiwa imechanganyika na aibu. Haifiki saa sita kabla hajapata adhabu ya pili.

Taswira hiyo si ya shule moja wala ya mtoto mmoja. Mwalimu yeyote aliyefundisha kati ya Banana na Gongo la Mboto ataitambua, na wazazi wengi wataona ndani yake sura ya mtoto wao. Imebeba kosa la kitabibu ambalo kwa kawaida huonekana kuwa malezi mema: mtoto ambaye ubongo wake unahitaji mwendo kuliko wa wenzake ndiye wa kwanza kunyimwa mwendo.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Kwa mtoto mwenye tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, linalojulikana kitabibu kwa kifupisho cha ADHD, mazoezi ya mwili ni sehemu ya matunzo. Hayapaswi kuwa zawadi ya kutulia, hayapaswi kugeuzwa adhabu ya kutotulia, wala hayapaswi kukatwa ili kufidia muda wa masomo.

Si utundu wa kawaida

Kila mtoto hucheza, husahau na huropoka. ADHD ni jambo jingine. Ni tatizo la ukuaji wa ubongo ambalo dalili zake huangukia katika mafungu mawili: upungufu wa umakini kwa upande mmoja, na utukutu pamoja na papara kwa upande mwingine. Kwa vigezo vinavyotumiwa na madaktari wa afya ya akili, mtoto huhesabiwa kuwa na tatizo hili iwapo ana dalili sita au zaidi kati ya tisa za fungu moja au ya mafungu yote mawili, zimedumu kwa muda usiopungua miezi sita, zilianza kabla hajatimiza miaka 12, zinamharibia masomo au mahusiano, na zinaonekana katika mazingira zaidi ya mamoja. Kigezo hiki cha mwisho kina uzito mkubwa katika Ukonga. Mtoto anayesumbua shuleni peke yake, lakini ametulia nyumbani, madrasa na katika mafundisho ya Jumapili, huenda ana tatizo na shule hiyo, si na ubongo wake. Kwa hiyo ustadhi na mwalimu wa Jumapili ni mashahidi wa kitabibu sawa na mwalimu wa darasa.

Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba takribani watoto 5 katika kila 100 wana ADHD. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2020 ulipata kiwango cha juu kidogo, kinachokaribia 7 katika kila 100. Katika darasa lenye wanafunzi mia moja, jambo ambalo si geni katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, hesabu hiyo ina maana ya watoto watano hadi saba katika chumba kimoja chenye mwalimu mmoja. Mwalimu huyo anashughulika na tatizo la afya lililo la kawaida kuliko anavyodhani, na hajapewa nyenzo za kulikabili.

Uchunguzi wa picha za ubongo uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye ADHD, gamba la ubongo hufikia kilele cha unene wake likiwa limechelewa kwa takribani miaka mitatu likilinganishwa na la watoto wengine. Ucheleweshaji huo ulikuwa mkubwa zaidi katika sehemu ya mbele, ile inayohusika na kujizuia, kupanga na kukumbuka maagizo. Mtoto wa miaka tisa anayeamriwa kukaa kimya kwa dakika arobaini huenda anadaiwa utulivu ambao sehemu hiyo ya ubongo wake bado haijaufikia. Kiboko hakikomazi ubongo.

Wasichana nao wasisahauliwe. Wavulana hutambuliwa mapema kwa sababu utukutu wao unaonekana na kusikika. Msichana mwenye ADHD mara nyingi huketi kimya akiwa mbali kimawazo; huitwa mzembe au mzito wa kuelewa, na hakuna anayemleta kliniki. Jioni, kaka yake anapokimbilia chandimu, yeye huchota maji, huosha vyombo na kubeba mdogo wake mgongoni. Hivyo hukosa mara mbili: hatambuliwi, na hachezi.

Mazoezi yalivyogeuzwa adhabu

Shule nyingi zina mazoea mawili ambayo, yakitazamwa kwa jicho la tabibu, yanakwenda kinyume na sayansi. La kwanza ni hilo la kumzuia mtoto asitoke wakati wa mapumziko. La pili ni kutumia mazoezi yenyewe kama adhabu: kuruka kichurachura, kupiga pushapu juani, kuzunguka uwanja mara kumi mbele ya wenzake wanaocheka. Mtoto aliyeadhibiwa hivyo mara nyingi hujifunza jambo moja tu, kwamba kukimbia ni fedheha. Akipewa baadaye ushauri wa kufanya mazoezi kwa ajili ya afya yake, ataukimbia ushauri huo.

Kiboko nacho kina mipaka yake kisheria. Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 uliweka ukomo wa viboko vinne na kumtaka mkuu wa shule awe ndiye mwenye mamlaka ya adhabu hiyo, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye ADHD swali la msingi halihusu idadi. Adhabu ina maana pale tu mtoto anapoweza kuacha kosa kwa kukusudia. Anayeshindwa kujizuia kwa sababu ya ukuaji wa ubongo atapigwa leo, kesho na mtondogoo kwa kosa lilelile. Mwishowe ataanza kuamini kwamba yeye ni mtoto mbaya, na imani hiyo ni ngumu kuitibu kuliko utukutu wenyewe.

Mchakamchaka ulioachwa njiani

Wazazi na mababu wengi wa Ukonga wa leo walisoma katika shule ambazo siku ilianza kwa mchakamchaka. Kabla ya paredi na kabla ya darasa, wanafunzi walikimbia kwa mistari, hatua kwa hatua, wakiimba kwa kuitikiana, wakazunguka kijiji au mtaa kisha wakarudi kunawa na kuingia darasani. Utaratibu ule haukubuniwa kwa ajili ya ADHD. Lengo lake lilikuwa ukakamavu, umoja na nidhamu. Ulikuwa pia na kasoro zake, hasa fimbo iliyowangoja waliochelewa na wazito wa mbio. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo manne ambayo watafiti wa ADHD wameyafikia baadaye kwa njia ndefu: mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, yanayofanyika kabla ya masomo, kila siku ya shule, pamoja na kundi na mdundo.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwashirikisha watoto wapatao 200 wa madarasa ya mwanzo, wenye dalili za ADHD na wasio nazo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mwili kwa takribani nusu saa kabla ya masomo, kila siku ya shule, kwa wiki 12. Kundi la pili lilifanya shughuli za utulivu darasani kwa muda uleule. Makundi yote mawili yalipata nafuu kiasi, jambo linaloonyesha kwamba hata kushughulikiwa kwa utaratibu kunasaidia. Lakini kwa watoto wenye dalili za ADHD, mazoezi yalileta faida iliyoonekana hasa nyumbani, katika umakini na katika hali ya moyo. Kwa lugha ya Ukonga, huo ulikuwa mchakamchaka usio na kiboko.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, ulichukua watoto wa miaka 8 hadi 10, ishirini wenye ADHD na ishirini wasio nayo. Siku moja walikaa wakisoma kwa dakika 20. Siku nyingine walitumia dakika hizohizo wakitembea kwa kasi kwenye mashine ya mazoezi. Baada ya mazoezi, watoto wote walijizuia vizuri zaidi katika majaribio ya umakini, na wakafanya vizuri zaidi katika kusoma kwa ufahamu na katika hesabu. Dakika ishirini ni pungufu ya muda wa mapumziko unaochukuliwa na adhabu ya kupiga magoti.

Maelezo ya kibiolojia yanaafikiana na matokeo hayo. Mazoezi huongeza utendaji wa dopamini na noradrenalini, kemikali zinazosafirisha taarifa katika sehemu ya mbele ya ubongo. Kemikali hizohizo ndizo zinazolengwa na dawa kuu za ADHD. Mazoezi huongeza pia mtiririko wa damu kwenye ubongo na huchochea protini zinazosaidia chembe za fahamu kukua na kuunganika. Athari ya mara moja hudumu kwa muda mfupi. Faida ya kudumu hutokana na mazoea ya kila siku. Kwa hiyo tamasha moja la michezo kwa mwaka, hata likipambwa kwa vikombe na fulana, halimsaidii mtoto huyu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya kati hadi ya juu, na mazoezi makali angalau siku tatu kwa wiki. Mwongozo huo unawajumuisha watoto wanaoishi na ulemavu, na unaitaja ADHD kwa jina miongoni mwa hali ambazo mazoezi yanaweza kuboresha uwezo wa kufikiri.

Rede ni zaidi ya mchezo

Si kila mwendo una thamani sawa. Kuzunguka uwanja bila kufikiri husaidia, lakini mazoezi yanayoulazimisha ubongo kufuata kanuni, kusubiri zamu na kubadili uamuzi ghafla huufanyisha kazi uwezo uleule uliopungua kwa mtoto mwenye ADHD. Hapa mitaa ya Ukonga ina utajiri usiothaminiwa.

Rede ni mfano bora. Mtoto husimama katikati ya warushaji wawili, akikwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ni lazima agawe umakini wake kati ya mkono na mpira, akumbuke chupa imefika wapi, ajizuie asiikimbilie kwa pupa mpira ukiwa mikononi mwa mrushaji. Kombolela hufundisha kusubiri na kukumbuka nani kajificha wapi. Kuruka kamba kwa kuingia na kutoka hudai mtoto apime wakati wake na mdundo wa wenzake. Mdako, ingawa hautoi jasho, hufunza mkono na jicho kushirikiana. Ngoma za asili huunganisha mwendo, kumbukumbu na usikivu. Chandimu, kwa mpira wa makaratasi na soksi kuukuu, hutoa mbio, kanuni na urafiki kwa gharama isiyofika bei ya soda.

Urafiki huo si jambo dogo. Mtoto mwenye ADHD hukataliwa na wenzake mapema kwa sababu hukatiza, hunyakua na hukasirika haraka. Mchezo wenye mtu mzima anayeusimamia kwa upole humpa nafasi ya kupendwa kwa kile anachokiweza. Mara nyingi mtoto ambaye ni wa mwisho darasani ndiye mwepesi kuliko wote uwanjani, na darasa zima linapaswa kupata fursa ya kuliona hilo.

Maumbile nayo yana mchango. Mwaka 2009, watafiti wa Illinois walichapisha matokeo ya watoto 17 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 12, waliotembezwa kwa dakika 20 katika mazingira matatu tofauti. Walizingatia vizuri zaidi baada ya kutembea kwenye bustani yenye miti kuliko baada ya kutembea katikati ya mji au katika mitaa ya makazi. Utafiti huo ni mdogo, lakini kwa wakazi wa Ukonga una maana ya karibu: misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi iko upande uleule wa jiji, na safari ya darasa kwenda huko inaweza kuwa somo la Sayansi na tiba kwa wakati mmoja.

Pingamizi nne

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wazazi: “Mtoto huyu tayari anakimbia kutwa, mazoezi ya nini tena?” Kuna tofauti kati ya kuhangaika na kufanya mazoezi. Anayehangaika huruka kutoka kiti hadi dirisha bila mpango na bila kufikia kiwango cha kutoa jasho. Anayefanya mazoezi huwa na mwanzo, mwisho, kanuni na lengo. Hangaiko huchosha walio karibu, ilhali mazoezi humsaidia mtoto mwenyewe.

La pili hutoka kwa walimu na linastahili heshima: muda hautoshi. Mitihani ya darasa la nne na la saba inakaribia, madarasa yamefurika, baadhi ya shule zina zamu mbili, na jioni pamoja na Jumamosi zimechukuliwa na tuisheni. Lakini kipindi cha dakika arobaini ambacho mtoto amekaa bila kusikia ni kipindi kilichokwisha kupotea. Dakika ishirini za mbio zinazofungua masikio ya watoto saba, na kupunguza usumbufu kwa wale tisini na watatu waliobaki, zinarudisha muda kuliko zinavyoutumia.

La tatu ni uhaba wa nafasi. Ukonga imejaa. Maeneo ya wazi yamepungua huku nyumba na fremu za biashara zikiongezeka, na Barabara ya Nyerere imepanuliwa ili mabasi yaendayo haraka yafike Gongo la Mboto. Mtoto mwenye ADHD, ambaye hukimbia kabla ya kutazama, yumo katika hatari kubwa ya ajali kuliko wenzake. Hawezi kuambiwa akacheze barabarani. Ndiyo maana uwanja wa shule, hata ukiwa mdogo, ni miundombinu ya afya. Kamati ya shule au serikali ya mtaa inayoruhusu uwanja huo kumegwa inapaswa kufahamu kwamba imemega zahanati. Na pale ambapo uwanja haupo kabisa, kamba moja na kivuli cha mwembe vinatosha kuanzia.

La nne hutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe: je, hoja hii haitawafanya wazazi waache dawa? Jibu lake halina budi kuwa la wazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuatilia watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa zinazosimamiwa kwa makini hupunguza dalili kuu za ADHD kwa nguvu kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Mazoezi hayajafikia nguvu hiyo. Tafiti zake nyingi ni ndogo na za muda mfupi, na chache mno zimefanyika Afrika. Mtoto anayehitaji dawa apewe dawa, na asiachishwe bila daktari. Lakini ukweli wa pili nao usifichwe: methilifenideti, dawa inayotumiwa zaidi duniani kwa tatizo hili, iliombewa kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na mara zote mbili wataalamu wa shirika hilo hawakuridhia. Familia nyingi za Ukonga zitangoja muda mrefu kabla ya kumfikia daktari bingwa wa akili za watoto. Katika kipindi hicho chote cha kungoja, mtoto anaendelea kwenda shule kila siku na miaka yake inapita. Mazoezi ni tiba saidizi inayoweza kuanza Jumatatu ijayo.

Tahadhari kabla ya mbio

Mhudumu wa afya hapaswi kumtuma mtoto uwanjani bila kumchunguza. Mambo mengi huvaa sura ya ADHD. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huonekana mzembe. Mwenye kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache huonekana mwenye kuota mchana. Upungufu wa damu huchosha akili. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Uganda waliopona malaria ya ubongo walikuta kwamba baadhi yao walibaki na upungufu wa umakini. Historia ya malaria kali iulizwe. Hofu na ukatili wa nyumbani navyo huvunja utulivu. Na usingizi usipuuzwe: wataalamu wanapendekeza kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi alale kwa muda wa saa 9 hadi 12, lakini mtoto anayemaliza kazi za shule saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule hupata saa saba tu. Hakuna mazoezi yanayoweza kulipa deni hilo.

Mtoto mwenye selimundu acheze, lakini kwa kupumzika mara kwa mara, kunywa maji ya kutosha na kukwepa jua kali na baridi. Mbio za kushindana mpaka kuishiwa nguvu si zake. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mwenye kifafa asiogelee wala kupanda mahali pa juu bila mtu mzima wa kumwangalia. Mwenye historia ya kuzimia wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua au ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana apimwe moyo kwanza. Kwa wote, joto la Dar es Salaam linaelekeza mazoezi yafanyike asubuhi na jioni, na maji yawepo.

Cheti kiandike mazoezi

Ushauri wa mdomo, “afanye mazoezi”, husahaulika kabla mzazi hajapanda daladala. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya auandike kama anavyoandika dawa: aina, kiasi, wakati na muda wa kurudi. Kwa mfano: kuruka kamba au mchakamchaka dakika 20 hadi 30 kabla ya darasa, siku tano kwa wiki, mchezo wenye kanuni dakika 30 jioni, asizuiwe kutoka wakati wa mapumziko, arudi baada ya wiki 12 na taarifa ya mwalimu. Dodoso fupi la SDQ, lenye maswali 25 na lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, linaweza kujazwa na mzazi na mwalimu mwanzoni na mwishoni. Halithibitishi ADHD, lakini linaonyesha kama hali inabadilika. Mtoto ambaye habadiliki, anayejidhuru, anayeshindwa kabisa masomo au aliye katika hatari ya ajali apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana au idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Mwalimu, kwa upande wake, hahitaji vifaa vipya. Amtume mtoto huyo kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka chaki ofisini. Asimamishe darasa zima kwa dakika tatu za kunyoosha viungo katikati ya kipindi kirefu. Wote watafaidika, na hakuna atakayejua ni nani aliyekusudiwa. Amweke mbele, mbali na dirisha. Akimwadhibu, na apate namna nyingine isiyogusa mapumziko yake wala kuutumia mwili wake.

Mzazi atazame ratiba ya mtoto wake kwa uaminifu: shule, madrasa, tuisheni, kazi za nyumbani, televisheni, simu. Ikiwa hakuna saa hata moja ya kucheza, ratiba hiyo inahitaji kukatwa mahali, na mara nyingi pa kukata ni kwenye skrini na tuisheni. Baba anayeweza kumpeleka mwanawe kutazama mpira kwenye kibanda cha video anaweza pia kuupiga mpira huo naye kwa nusu saa.

Maafisa elimu wa kata wana nafasi pia. UMITASHUMTA huibua vipaji, nayo ni fahari ya shule za msingi nchini; lakini huwachagua walio bora na kuwaacha wengine wakishangilia. Mtoto mwenye ADHD asiye na kipaji cha kuiwakilisha shule anahitaji uwanja kuliko mshindi. Mchakamchaka, kwa kuwa haumchagui mtu, ndio unaomfikia. Urudishwe ukiwa umevuliwa fimbo: anayechelewa ajiunge mahali atakapoukuta, anayechoka atembee, mgonjwa aimbe na kupiga makofi.

Kwa watoto wanaobaki wamepiga magoti mbele ya ubao, hatua ya kwanza haihitaji bajeti, waraka mpya wala daktari bingwa. Kengele ya saa nne itakapogongwa kesho, mwalimu awaambie wainuke, wajipanguse vumbi magotini, na watoke nje wakacheze na wenzao.